Kubadilisha mfumo mzima wa kupasha nyumba joto: nianze na boila, rejeta au kuta?

Mwenye Nyumba anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii, kwa kuwa uamuzi ulio mbele yangu ni mkubwa na nisingependa kuufanya kwa kusukumwa na muuzaji.

Nyumba yetu ina sakafu mbili na vyumba vitatu vya kulala. Joto lote hutoka kwenye boila moja ya gesi asilia ya kilowati 28, ambayo imeshapita miaka 20, na ambayo hupeleka maji moto kwenye rejeta 11, yaani mabamba ya chuma ya ukutani yanayotoa joto vyumbani, na kwenye tangi la maji ya kuogea lililomo kabatini. Darini lipo tangi dogo la wazi linaloujazia mfumo maji kila yanapopungua. Boila bado inawaka, lakini siku hizi huzimika yenyewe mara kwa mara na vipuri vyake havitengenezwi tena. Rejeta tatu za sakafu ya chini hupata moto sehemu ya juu tu. Chumba anacholala mama yangu, ambaye umri wake umekwenda, ndicho chenye baridi kuliko vyote, na hilo hunikosesha utulivu kuliko hata suala la gharama.

Mafundi watatu wamefika, na kila mmoja ameondoka na jibu lake. Wa kwanza anataka kuweka boila mpya ya gesi yenye nguvu ileile ya kilowati 28. Wa pili anapendekeza boila ya kombi inayopasha maji ya bomba papo hapo, ili tangi la kabatini liondolewe. Wa tatu anasema zama za gesi zimekwisha, niweke pampu ya joto inayotumia umeme, ning'oe rejeta zote na mabomba yote. Hakuna hata mmoja aliyepima chumba, wala aliyeniuliza kuta zimejengwaje. Nijuavyo mimi, kuta zina tabaka mbili za matofali zenye uwazi katikati ambao haujajazwa kitu, na darini kuna pamba ya kioo nyembamba na iliyochakaa.

Maswali yangu ni haya: nitajuaje nguvu halisi inayohitajika? Je, rejeta na mabomba ni lazima yabadilishwe? Na kama fedha hazitoshi kufanya yote kwa mkupuo, kipi kitangulie?

Fundi wa Mabomba anajibu:

Ndugu yangu, umeligusa jambo lenyewe uliposema kwamba hakuna aliyepima. Mashine ya kupasha nyumba joto haichaguliwi kwa kutazama ile inayoondolewa. Boila nyingi za zamani ziliwekwa kwa kukadiria tu, kisha kadirio likaongezwa kidogo kwa usalama, na fundi aliyefuata akaongeza tena. Swali la kwanza kwa hiyo si la boila wala la pampu ya joto. Ni kwamba nyumba hii inapoteza joto kiasi gani katika saa ya baridi kali kabisa.

Hesabu kamili hufanywa chumba kwa chumba. Eneo la kila ukuta, dirisha, dari na sakafu huzidishwa kwa kiwango chake cha kupitisha joto, kisha kwa tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Ukuta wa tabaka mbili wenye uwazi mtupu hupitisha takriban wati 1.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ukiwa na mita za mraba 80 za ukuta wa aina hiyo, na tofauti ya nyuzi 20, kuta peke yake zinapoteza wati 2,400. Uwazi huo ukijazwa kizuia joto, kiwango hushuka hadi karibu 0.5, na upotevu unakuwa wati 800. Kisha inahesabiwa hewa: ujazo wa nyumba kwa mita za ujazo, mara idadi ya safari ambazo hewa yote hubadilika kwa saa, mara tofauti ya joto, mara 0.33. Nyumba ya mita za ujazo 250 inayobadilisha hewa yake mara moja kwa saa hupoteza zaidi ya wati 1,600 kwa njia hiyo pekee, kwa tofauti ileile ya nyuzi 20, na ndiyo sababu nyufa za milango na madirisha hazipaswi kudharauliwa.

Ipo pia njia nyepesi unayoweza kuitumia mwenyewe, na ninakuomba uitumie kabla hujazungumza tena na fundi yeyote. Chagua siku ya baridi ambayo mfumo utawashwa usiku na mchana bila kuzimwa. Soma mita ya gesi, kisha isome tena baada ya saa 24. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia hubeba takriban kilowati-saa 10 hadi 11. Kwa boila ya umri wa yako, chukua asilimia 80 hivi ya kiasi hicho kuwa ndiyo joto lililoingia ndani ya nyumba, ondoa kilowati-saa chache kwa ajili ya maji ya kuogea, gawa kwa 24, na utapata wastani wa kilowati zilizotumika. Gawa tena kwa tofauti kati ya joto la ndani na wastani wa joto la nje siku hiyo. Jibu ni kilowati zinazopotea kwa kila nyuzi moja ya tofauti, na kutoka hapo unaweza kukadiria mahitaji ya siku ya baridi kali kuliko zote huko uliko. Hesabu hii haichukui nafasi ya ile ya chumba kwa chumba, lakini inatosha kumwonyesha fundi kwamba namba yake ya 28 haina msingi.

Kwa nini nasisitiza hili? Boila kubwa kupita kiasi huwaka kwa nguvu, hufikisha maji kwenye joto lililowekwa kwa dakika chache, huzimika, kisha huwaka tena. Mwenendo huo huchakaza vifaa, hupoteza gesi, na hauifanyi nyumba iwe na joto zaidi. Unaponunua boila, usiangalie nguvu yake ya juu tu. Uliza pia inaweza kushuka hadi kilowati ngapi bila kuzimika. Mashine inayoshuka hadi kilowati 3 itafanya kazi kwa utulivu karibu msimu mzima, ilhali isiyoshuka chini ya 8 itakuwa inawaka na kuzimika katika siku nyingi za baridi ya wastani.

Jambo la pili ni joto la maji yenyewe, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mwenye nyumba kujua. Boila za kisasa huvuna joto lililomo katika mvuke wa moshi. Moshi wa gesi asilia huanza kutoa matone ukikutana na maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, na kadiri maji hayo yalivyo baridi zaidi ndivyo joto linavyovunwa zaidi. Ukinunua boila ya aina hii kisha ukaiacha ipeleke maji ya nyuzi 80 kwenye rejeta, kama mafundi wengi wanavyoiacha, umelipia uwezo ambao hutautumia. Kwa hiyo unapaswa kujua kama rejeta zako zinaweza kutosheleza nyumba kwa maji ya nyuzi 50 au 55.

Jaribio lake ni rahisi. Katika siku chache za baridi, shusha joto la maji ya boila hadi 55, acha mfumo uende mfululizo, kisha pita chumba kwa chumba ukiwa na kipimajoto. Chumba kinachofikia nyuzi 20 hakihitaji rejeta mpya. Chumba kinachobaki nyuma ndicho cha kushughulikia. Lakini lifanye kwa siku chache tu, kwa sababu boila ya zamani haikutengenezwa kuhimili matone ya moshi, nayo huoza kwa ndani ikiendeshwa kwa joto la chini muda mrefu. Pia tangi lako la maji ya kuogea linahitaji kufikia nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela wasizaliane humo, hivyo ukimaliza kupima rudisha joto mahali pake.

Mtumiaji wa Pampu ya Joto anajibu:

Mimi si fundi, lakini nyumba yangu inapashwa joto kwa pampu ya aina hiyo, na ninaona kwamba fundi wako wa tatu amesema kweli nusu na kukutisha nusu.

Pampu ya joto haitengenezi joto kwa kuunguza kitu. Inalichota kutoka hewa ya nje, hata hewa hiyo ikiwa chini ya sifuri, na kulihamishia ndani ya maji, kama jokofu linavyolitoa joto kwenye chakula na kulitupa kwa nyuma. Kwa kila kilowati-saa moja ya umeme, mashine iliyowekwa vizuri hutoa kilowati-saa 3 au zaidi za joto kwa wastani wa msimu. Maneno muhimu hapo ni "iliyowekwa vizuri". Kila nyuzi moja unayoiongeza kwenye joto la maji hula takriban asilimia 2 hadi 3 ya ziada ya umeme, na kwa hiyo pampu inayolazimishwa kupeleka maji ya nyuzi 60 kwenye rejeta ndogo itakukatisha tamaa, ilhali mashine ileile ikipeleka maji ya 40 kwenye rejeta kubwa utaipenda.

Kuhusu gharama za uendeshaji, usikubali kuambiwa kwa ujumla kwamba umeme ni ghali au gesi ni ghali. Chukua ankara zako, gawa bei ya kilowati-saa moja ya umeme kwa bei ya kilowati-saa moja ya gesi. Kisha gawa ufanisi unaotarajiwa wa pampu kwa ufanisi wa boila mpya: ukiwa na pampu inayotoa 3.2 na boila inayotoa 0.88, jibu ni takriban 3.6. Ikiwa umeme wako ni ghali kuliko gesi kwa chini ya mara 3.6, pampu itakuwa nafuu kuiendesha; ikiwa ni zaidi ya hapo, boila itakuwa nafuu kwa bei za leo. Mimi niliichagua pampu nikijua pia kwamba sitaki kuunguza gesi ndani ya nyumba yenye watoto, na hiyo ni sababu ambayo haiingii katika mgawanyo wowote, lakini kwangu ilikuwa na uzito.

Mabomba hayang'olewi kwa desturi tu. Boila ya zamani huruhusu maji yarudi yakiwa yamepoa kwa nyuzi 20 hivi, ilhali pampu hupendelea tofauti ya nyuzi 5 tu, na hiyo ina maana kwamba kiasi cha joto kilekile kinahitaji maji mengi mara nne. Kwa kilowati 6, ni kutoka lita 4 na kidogo hadi lita 17 kwa dakika. Bomba kuu la shaba la milimita 22 linaweza kubeba kiasi hicho. La milimita 15 likiwa ndilo njia kuu litapiga kelele na kuichosha pampu ya kusukumia maji. Matawi yanayokwenda kwenye rejeta mojamoja mara nyingi hayana tatizo, isipokuwa yakiwa yale membamba ya milimita 8 au 10. Basi mwambie fundi akuonyeshe ni bomba lipi halitoshi na kwa nini, asiposema, hajahesabu.

Andaa pia mahali pa kifaa cha nje. Kinahitaji nafasi ya hewa, kinatoa mvumo ambao haufai kuelekezwa kwenye dirisha la jirani, na katika siku za baridi yenye unyevu huyeyusha barafu yake mwenyewe na kumwaga maji ambayo hayapaswi kutiririkia njia ya kupita watu, maana yataganda tena. Mashine zinazotumia gesi ya propani zina masharti ya umbali kutoka madirishani na kwenye mashimo ya maji machafu, kwa sababu propani inashika moto na ni nzito kuliko hewa. Tangi lako la maji ya kuogea, kwa umri wake, huenda lina koili ndogo, yaani lile bomba lililojikunja ndani ya tangi ambalo hupasha maji. Pampu huhitaji koili kubwa, mara nyingi karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo tangi jipya ni karibu la lazima.

Mwenye Nyumba anarudi:

Nawashukuru sana. Nimefanya kama Fundi wa Mabomba alivyoelekeza. Katika siku ambayo wastani wa nje ulikuwa nyuzi 4 na ndani tulikaa kwenye 20, mita ilionyesha gesi yenye takriban kilowati-saa 128. Nikichukua asilimia 80 ninapata 102, nikiondoa 6 za maji ya kuogea zinabaki 96, sawa na kilowati 4 kwa wastani. Tofauti ilikuwa nyuzi 16, kwa hiyo nyumba inapoteza robo kilowati kwa kila nyuzi moja. Hapa kwetu baridi kali hufika nyuzi 4 chini ya sifuri, yaani tofauti ya 24, na hivyo jibu ni kilowati 6. Nimeshangaa mno, kwa sababu boila iliyopo ni ya 28, na fundi wa kwanza alitaka kunirudishia namba hiyohiyo.

Nilipojaribu maji ya nyuzi 55, vyumba vingi vilifika 20 bila shida, ingawa polepole. Sebule ilikwama kwenye 18, na chumba cha mama hakikuvuka 16. Rejeta yake ni nyembamba, ya bamba moja, na kuta mbili za chumba hicho zinatazama nje. Na zile rejeta tatu za chini bado ni baridi sehemu ya chini. Je, hizo zinahitaji kubadilishwa, au ugonjwa uko kwingine?

Mhandisi Mstaafu anajibu:

Mwanangu, rejeta yenye joto juu na baridi chini ina tope. Ingekuwa baridi juu na moto chini, tungesema ni hewa, nawe ungeitoa kwa ufunguo. Tope hilo ni jeusi, na ni kutu ya chuma cha rejeta zenyewe ambayo huvutwa na sumaku. Hutokea pale oksijeni mpya inapoendelea kuingia katika maji, na chanzo chako ninakiona wazi: ni lile tangi la wazi la darini. Kila maji yanapopungua na kujazwa upya, oksijeni inaingia. Kutu hiyo pia huzalisha gesi ya haidrojeni, hivyo usisogeze moto karibu na rejeta unapoitoa hewa.

Ukiunganisha mashine mpya kwenye mabomba yenye tope hilo, litakwenda moja kwa moja kwenye njia nyembamba za kibadilisha joto, sehemu ya mashine inayoyapa maji joto, na kuziziba. Hii ndiyo kazi ambayo mafundi wenye haraka huiruka, na watengenezaji wengi hawaheshimu dhamana pale wanapokuta maji machafu. Rejeta tatu zenye tope zifunguliwe, zitolewe nje na kusukumwa kwa maji hadi yatoke meupe. Mfumo wote usafishwe kwa pampu ya kusafishia. Kisha ijazwe dawa ya kuzuia kutu, na kichujio chenye sumaku kifungwe kwenye bomba linalorudisha maji. Chombo hicho ni kidogo, lakini katika mfumo wa zamani ningekihesabu kuwa cha lazima, na kinapaswa kusafishwa kila mwaka mashine inapofanyiwa huduma.

Mfumo mpya bila shaka utafungwa, na tangi la darini litaondoka. Maji hutanuka yanapopata moto: lita 100 zikipashwa hadi nyuzi 80 huongezeka kwa karibu lita 3, na ongezeko hilo litapokelewa na tangi la upanuzi lenye utando na hewa ndani yake. Shinikizo wakati wa baridi litakuwa kati ya baa 1 na 1.5, na vali ya usalama itafunguka kwenye 3. Mwambie fundi apime mabomba yako kwa shinikizo kabla ya siku ya kukabidhi kazi, kwa kuwa maungio ya zamani yaliyozoea shinikizo dogo la tangi la darini yanaweza kuvuja, na ni heri yavuje mbele yake kuliko baada ya sakafu kufunikwa.

Sasa chumba cha mama. Kabla ya kununua chochote, mfumo usawazishwe. Kila rejeta ina vali ya pili upande wa pili, iliyofunikwa kwa kofia, na kazi yake ni kugawa maji kwa haki. Zilizo karibu na boila zikiachwa wazi kabisa, hunyonya maji yote, na ya mwisho kwenye njia hubaki na mabaki. Inawezekana mama yako amekuwa akipashwa kwa mabaki hayo miaka yote.

Lakini usawazishaji hautatosha, kwa sababu kuta mbili za nje na rejeta ya bamba moja haziendani. Nguvu iliyoandikwa kwenye rejeta hupimwa kwa maji yenye wastani wa nyuzi 70 katika chumba cha 20, yaani tofauti ya 50. Tofauti ikishuka hadi 30, rejeta hutoa takriban nusu tu ya nguvu hiyo. Ikiwa chumba kinahitaji wati 1,000, weka rejeta yenye namba ya wati 2,000 au zaidi. Hilo halina maana ya kuziba ukuta wote: rejeta ya mabamba mawili yenye mapezi katikati hutoa karibu mara mbili ya ile ya bamba moja yenye upana na urefu uleule. Mzee hukaa kimya muda mrefu, na damu yake haimpashi joto kama ya kijana. Chumba chake kihesabiwe kwa nyuzi 21 au 22, si kwa 18 inayotumika katika vyumba vya kulala vya watu wengine. Sebule nayo itahitaji nyongeza ya namna hiyohiyo.

Mkaguzi wa Gesi anajibu:

Ninaongeza mambo ya usalama, kwa sababu hayajaguswa vya kutosha.

Boila inayozimika yenyewe baada ya miaka 20 isisubiri mwisho wa majadiliano. Ikaguliwe na mtu mwenye kibali cha kazi za gesi, na wakati huohuo funga king'ora cha hewa ya monoksidi ya kaboni, hasa kwa kuwa kuna mzee anayeshinda ndani. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Mwako wa njano badala ya buluu, masizi karibu na boila, na maumivu ya kichwa au kichefuchefu vinavyopungua mtu akitoka nje ni dalili za kuzima mashine, kufungua madirisha, kutoka nje na kutafuta tiba mara moja.

Ukichagua boila mpya, bomba la moshi la zamani halitumiki tena. Moshi wa boila mpya ni wa baridi na wenye maji, na utaharibu dohani ya matofali. Maji yanayotona yana asidi, hivyo bomba lake liwe la plastiki, literemke kuelekea mfereji wa maji machafu, na lipite ndani ya nyumba kadiri inavyowezekana, kwani likipita nje likiwa jembamba huganda katika usiku ambao boila inahitajika kuliko siku zote. Kabla ya kubomoa mabomba ya moshi na vifuniko vya enzi za nyuma, hakikisha havina asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Fundi asiikate wala kuitoboa. Wapo wataalamu wa kuiondoa.

Kuhusu kombi, simuungi mkono fundi wako wa pili kwa nyumba hii. Kupasha lita 10 za maji kwa dakika kwa nyuzi 35 kunahitaji kilowati 24 papo hapo, na hiyo ndiyo sababu kombi huwa kubwa hata pale nyumba inapohitaji 6 tu. Anayeoga na anayeosha vyombo kwa wakati mmoja wote watapata maji vuguvugu. Tena, ukiliondoa tangi leo umejifungia mlango wa pampu ya joto kesho, kwa kuwa nafasi ya kabati itachukuliwa na mambo mengine.

Fundi wa Mabomba anajibu tena:

Nakubaliana na wote wawili, na kilowati 6 zako zinanifurahisha kwa sababu zimepatikana kwa kupima. Sasa kuhusu kipi kitangulie.

Jaza uwazi wa kuta na ongeza kizuia joto cha darini hadi unene wa milimita 300 hivi kabla ya kuagiza mashine, mradi kuta zikaguliwe kwanza kama zina unyevu, na matundu ya hewa yabaki wazi. Kazi hiyo itashusha zile kilowati 6 labda hadi chini ya 5, na mashine itakayofuata itakuwa ndogo zaidi. Kisha safisha mfumo, badilisha rejeta ya mama na za sebule, na usawazishe. Hayo yote yanafanyika ukiwa bado na boila uliyo nayo ikiwa mkaguzi ataipitisha, na hakuna hata moja litakalopotea iwe utaishia kwenye gesi au kwenye umeme. Usiruke hata hatua moja kwa kuwa msimu wa baridi umekaribia. Boila ikifa katikati ya baridi utanunua chochote kilichopo ghalani, kwa hiyo nunua mapema vipasha joto viwili vya umeme vya kuhamishika, kimoja kikae chumbani kwa mama.

Mashine yenyewe iwekwe wakati wa joto. Mimi, kwa nyumba ya kilowati 5 ambayo rejeta zake zinatosheleza kwa maji ya nyuzi 50 au chini, ningeelekea kwenye pampu ya joto, isipokuwa mgawanyo wa bei za ankara zako uwe mbali sana juu ya 3.6. Iwe pampu au boila, itakiwe kuwa na kihisi cha joto la nje, ili maji yawe ya 50 katika baridi kali na yashuke yenyewe hadi 35 siku za wastani, badala ya kubaki juu mwaka mzima.

Katika mkataba iandikwe: hesabu ya upotevu wa joto kwa kila chumba, joto la maji ambalo mfumo umekusudiwa, usafishaji wa mabomba na dawa ya kuzuia kutu, usawazishaji wa rejeta, na mafunzo kwa mwenye nyumba siku ya makabidhiano. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako mpaka upite chumba kwa chumba na kipimajoto kilekile ulichokitumia, ukianza na chumba cha mama.